Mboga za Mkebe: Tusizidharau, Wala Tusizile Bila Kuzisoma

Kila ninapowasikiliza walimu na wanafunzi wakijadili mambo ya mapishi, hubaini kwamba mboga za mkebe huwagawanya watu katika makundi mawili. Kuna wanaozibeza, wakidai kuwa anayefungua mkebe jikoni ni mvivu au hakufunzwa kupika akafunzika. Kuna pia wanaouona mkebe kuwa alama ya maendeleo, wakaupanga katika kabati la kioo ili wageni wauone. Makundi haya, japo yanavutana, yana kasoro moja: hakuna lililojishughulisha kuuliza mkebe wenyewe una nini ndani. Hukumu imetolewa kabla ya shahidi kusikizwa.

Katika makala haya ninanuia kueleza kwamba mboga za mkebe zingali na nafasi katika mapishi ya nyumbani, lakini nafasi hiyo ina mipaka na ina sharti. Mipaka inatokana na aina ya mboga na mahali anapoishi mpishi. Sharti ni kwamba mpishi aweze kuusoma mkebe anaoununua, tena kwa lugha anayoielewa barabara.

Kwanza, tuiondoe dhana kwamba kuhifadhi chakula ni jambo tuliloletewa na wageni. Wazee wetu walijua fika kuwa baada ya mvua huja kiangazi. Katika sehemu kadhaa za nchi, majani ya kunde yalianikwa juani yakawekwa kungojea siku za ukame. Watu wa pwani walitia ndimu na maembe chumvi na pilipili wakapata achari. Samaki nao wakawakausha wakapata ng'onda. Wafugaji wa kaskazini walikaanga vipande vya nyama wakavizamisha katika mafuta, wakapata nyirinyiri, chakula cha kuwafaa safarini. Wahenga waliponena kwamba akiba haiozi, walikuwa wakiyajua wanayoyasema.

Kilicho kigeni ni mkebe wenyewe, na historia yake si ndefu. Mpishi Mfaransa, Nicolas Appert, alitumia miaka mingi akijaribu kuhifadhi vyakula kwa kuvitia katika chupa, kuzifunga chupa hizo sawasawa, kisha kuzichemsha majini. Mnamo 1810 serikali ya Ufaransa ilimtuza faranga 12,000 kwa sharti kwamba maarifa yake ayaandike yachapishwe. Mwaka uo huo, huko London, Peter Durand alipata hataza iliyojumuisha vyombo vya bati. Appert hakujua kwa nini chakula chake hakikuoza. Ilibidi kumngojea Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, aeleze kuwa uozo huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Moto huviua vilivyomo, na kifuniko huvizuia vya nje visiingie. Siri ya mkebe ni hiyo tu. Namwomba msomaji alikumbuke sharti lile la tuzo, kwamba maarifa yaandikwe yasomwe, kwa maana nitalirejea.

Je, moto huo hauharibu mboga? Jibu la haki ni kwamba huharibu baadhi ya vitu na kuacha vingine. Vitamini C haistahimili joto, tena huyeyuka majini, kwa hivyo sehemu yake hupotea. Protini na nyuzinyuzi za maharagwe hubaki. Nyanya nazo zina likopini, ndiyo hiyo rangi yao nyekundu, ambayo mwili huipokea kwa urahisi zaidi nyanya zikiisha kupikwa kuliko zikiwa mbichi. Kwa hivyo anayedai kwamba mkebe hauna chochote cha kuujenga mwili amekosea, sawa na anayedai kwamba mkebe na shamba ni mamoja.

Kutokana na hayo, mipaka niliyoitaja hujichora yenyewe. Mboga za majani, kwa maoni yangu, hazina haja ya mkebe katika nyumba nyingi za Kenya. Sukuma wiki, mchicha, mnavu na kunde huuzwa karibu kila mtaa, na muuzaji yuko radhi kukukatia papo hapo. Mwenye kuyaacha hayo akanunua majani ya mkebe yaliyolainika kupita kiasi, huyo ameacha mbachao kwa msala upitao. Lakini nyanya, maharagwe, njegere na mahindi ni hadithi nyingine. Maharagwe makavu hudai kulowekwa usiku kucha na kutokoswa kwa muda mrefu, na siku hizi kila saa ya moto ina bei yake, uwe moto wa makaa au wa gesi. Mwalimu anayefika nyumbani magharibi akiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha hatendi dhambi akifungua mkebe wa maharagwe. Mimi mwenyewe sikosi mikebe miwili mitatu ya nyanya na maharagwe nyumbani, na sijawahi kununua mkebe wa majani.

Mahali nako kuna uzito wake. Ni rahisi kwa mkazi wa Limuru au Kisii, ambako ardhi haikauki mboga, kumcheka mwenye mkebe. Amfikirie mwalimu aliyepelekwa Mandera au Lodwar. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na nyingine za mwishoni mwa 2023, zilikata barabara za kaskazini mashariki mwa nchi, na magari ya bidhaa yakakwama. Katika siku kama hizo mkebe si anasa. Ni jambo linaloamua kama watoto watapata mboga au watakula ugali mtupu.

Sasa nije kwenye sharti, ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Mboga mbichi ina lugha yake. Mama anayekwenda gengeni huisoma kwa vidole, kwa macho na kwa pua. Akiminya nyanya anajua itakaa siku ngapi. Akivunja ganda la njegere anajua lilichumwa lini. Elimu hiyo haikuhitaji shule. Mkebe, kwa upande wake, ni bubu. Huwezi kuuminya wala kuunusa. Yote unayoweza kuyajua kabla ya kuufungua yameandikwa katika kile kibandiko chake, na asiyeweza kukisoma ananunua gizani.

Tazama yanayoandikwa pale. Kuna uzito wa jumla, na kuna uzito wa mboga zikishachujwa maji. Mkebe wa maharagwe wa gramu 400 aghalabu huwa na maharagwe ya gramu 240 hivi. Yaliyosalia ni maji ya chumvi. Asiyelijua hilo hawezi kulinganisha bei yake na ya maharagwe ya gengeni. Kuna kiasi cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na mwenye shinikizo la damu hana budi kujua mkebe umemtia ngapi kabla hajaongeza zake. Akijua, dawa ni nyepesi: amwage yale maji, azisuuze mboga, apunguze chumvi ya sufuriani. Kuna, mwisho, tarehe, na tarehe nazo si za namna moja. Moja huonya kwamba baada ya siku ile chakula si salama. Nyingine husema tu kwamba ladha itaanza kufifia.

Yapo pia mambo ya hatari. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi mahali pasipo na hewa, na sumu yake hushambulia neva hata ikaua. Ndiyo maana kiwandani mboga zisizo na uchachu, kama maharagwe na mahindi, hupikwa mkebeni kwa mvuke wenye shinikizo hadi joto la nyuzi 121 hivi. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayatoshi kuwamaliza bakteria hao. Mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea penye mshono ni wa kutupwa, wala usionjwe, kwa kuwa sumu hiyo haijulikani kwa ladha.

Maonyo haya yangepasa kumfikia kila mpishi. Lakini twaa mkebe wowote dukani uusome. Mara nyingi utakuta Kiingereza. Ukigeuza upande wa pili huenda ukakuta Kifaransa, Kiarabu au Kiitaliano. Kiswahili ni nadra kukikuta. Ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi haijamfikia.

Najua watakaojibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Hoja hii tumeisikia tangu zamani, na kila mara wasemaji wenyewe wameipangua. Mamilioni ya watu wametuma na kupokea pesa kwa M-Pesa tangu ilipoanzishwa mwaka 2007, na wanaotaka kuitumia kwa Kiswahili wanaweza. Ikiwa lugha hii inaweza kubeba salio, amana na nambari ya siri, itashindwaje kubeba chumvi na maharagwe?

Kazi hiyo, hata hivyo, yataka mazoezi. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kibandiko cha mkebe wa njegere. Penye uzito wa mboga zilizochujwa maji, mmoja aliandika "uzito uliochoka", maana neno la Kiingereza lililotumika huweza pia kumweleza mtu aliyeishiwa nguvu. Tulicheka sote. Lakini kijana huyo alikuwa katika chuo kikuu, amesoma Kiingereza tangu utotoni. Ikiwa yeye alikwama, seuze mama yake?

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wa Kiswahili na wale wanaofundisha mapishi na lishe. Waambieni wanafunzi walete darasani mikebe mitupu iliyooshwa, yenye kingo zisizokata, wavitafsiri vibandiko vyake, kisha wakawasomee wazazi wao. Somo hilo halihitaji kitabu kipya wala ruhusa ya wizara. La pili ni kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa na kwa wenye viwanda: vibandiko vya vyakula vinavyouzwa nchini viandikwe kwa Kiswahili pia, hasa uzito, chumvi, tarehe na maonyo. Serikali ya Ufaransa iliona zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba maarifa ya kuhifadhi chakula hayana faida yakibaki kichwani mwa mtu mmoja. Sisi tunaonunua matunda ya maarifa hayo tungali tunangoja kuandikiwa kwa lugha tunayopikia.