Meno ya watoto, sukari na artikle 178

Wapapa na wamama wa Kalima, Kailo, Punia na hapa Kindu, leo tuzungumze meno ya watoto. Kuna atakayesema: sendika imekosa kazi? Hapana. Meno yamo ndani ya sheria yetu. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, artikle 178, inamlazimisha patroni kutoa matunzo kwa mfanyakazi na jamaa yake, na matunzo ya meno yametajwa humo. Meno ya bandia ndiyo hayamo, isipokuwa mtu ameumia kazini. Lakini wengi wetu tunamuona munganga wa meno siku ya kung'oa tu, mtoto akiwa amelia usiku tatu.

Anayeoza jino na anayenenepa kupita kiasi, adui wao ni mmoja: sukari. Siku ya mshahara papa anarudi na sikre na biskuti, nyumba inajaa furaha. Sisi pia ni wazazi, tunaijua furaha ile. Chupa moja ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015 OMS ilisema sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtoto mdogo, chupa ile peke yake inakaribia kumaliza kiasi chote.

Jino linaonyesha mapema. Kilo zinakuja polepole, na kwetu mtoto mnene anasifiwa: papa yake anapata feza! Kwa hiyo munganga akikuta matundu, aulize mtoto anakunywa nini, ampime kilo na urefu, azungumze na mama.

Ni kweli, shida yetu kubwa ni njaa. Utafiti wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Congo chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini sikre inajaza tumbo tu, sombe na samaki vinabaki kwenye sahani. Na mwenye jino bovu atatafuna nini?

Kwa wenye kontra, tunadai watoto wapimwe meno kila mwaka, mbele ya maumivu. Wachimbaji wa mikono hawana kontra, artikle 178 haiwafikii. Kama kooperative yenu inakata feza kwenye kasiteriti yenu, muiulize: sehemu gani inaenda kwa afya ya watoto?