Kuchoma Bweni: Sheria Haiiti Utoto

Juzi barazani, baada ya swala ya isha, tulizungumzia mabweni yanayochomwa na wanafunzi. Mzee mmoja akasema, "Huo ni utoto tu. Mzazi alipe hasara, yaishe." Wengi wakaafiki. Mimi nilinyamaza, lakini nimeona niandike, kwani sheria haioni hivyo.

Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba anayetia moto jengo lolote kwa makusudi na kinyume cha sheria anaweza kufungwa maisha. Si lazima jengo liwe limekamilika. Chombo cha baharini nacho kimetajwa humo: anayechoma jahazi, hata likiwa bado laundwa, yuko sawa na aliyechoma nyumba. Kujaribu kuchoma ni hadi miaka 14, na kuchoma mimea shambani vilevile. Linganisha na kijana anayevunja madirisha ya bweni kwa hasira: kuharibu mali kwa kawaida ni hadi miaka 5.

Kwa nini kiberiti kipimwe hivyo? Kwa sababu moto ukishawashwa hauna mwenyewe. Mwaka 2001, shuleni Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Sheria haingoji maiti. Na mtu akifa, huja mashtaka ya mauaji.

Kweli, neno ni "hadi". Hakimu ana nafasi ya kupunguza. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo yakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18. Mahakama yaweza kumweka chini ya uangalizi au kumpeleka shule ya kurekebisha tabia. Lakini hebu tujiulize: ni wangapi walioko kidato cha nne ambao wameshatimiza 18? Marafiki wawili waweza kushika kibiriti kimoja usiku mmoja, mmoja akarudi nyumbani, mwenziwe akaingia jela.

Na ile fidia ya mzee wetu? Yaweza kusaidia wakati wa hukumu, lakini haifuti kesi. Hili ni kosa kubwa la jinai, na anayeshtaki ni Jamhuri, si mwalimu mkuu tuliyezoea kumwendea na wazee.

Basi wazazi wenzangu, kabla shule hazijafunguliwa, tukae na wanetu tuwaambie haya. Ni afadhali wayasikie kwetu sebuleni kuliko kusomewa kizimbani.