Hii bonus ni zawadi ao ni deni?



Siku ya Mungu iliyopita tulikuwa ku nyumba ya mwenzetu mumoja wa kazi. Kijana wake alinunua PlayStation 4 ya okazio, na Crash Bandicoot N. Sane Trilogy. Siye wenye miaka yetu imepita makumi ine, tulipiga kelele: "Huyu tunamujua!" Crash ni munyama wa rangi ya machungwa, anakimbia, anaruka mashimo, anavunja masanduku ya mbao. Tulicheza naye mu ujana, kwa kulipa saa moja moja. Michezo yake mitatu ilitoka 1996, 1997 na 1998. Mu 2017 waliitengeneza upya, sura mupya, wakaiuza yote pamoja.

Ni muchezo wenye mutu wa mine anaelewa haraka. Kuna sanduku nyekundu ya TNT: ukiirukia inahesabu tatu, mbili, moja, na kama haujakimbia, umekufa. Ile ya kijani, ya nitro, hapana kuigusa hata kidogo. Kuna kinyago kinaitwa Aku Aku, kinakukinga pigo moja, sawa kaske. Na ukiokota matunda mia moja, unapewa uhai mumoja zaidi. Hapo hatukucheka sana. Kule ku karieri hayo matunda hayako.

Tukashika maneti, tukizani tutafundisha watoto. Tulianguka mu shimo la kwanza! Mu hii mupya kuruka si sawa na zamani: ukikanyaga paka ncha ya ukuta, muguu unateleza. Binti mudogo wa mule nyumba alituchekelea, akachagua Coco, dada mudogo wa Crash, akapita. Mu muchezo wa 1996 Coco hakuwa. Leo unaweza kucheza naye karibu fasi yote.

Kisha kijana akatuonyesha nivo moja inaitwa Stormy Ascent. Unapanda ngome ndefu, mvua inapiga, ngazi zinaingia na kutoka mu ukuta. Watu wa Naughty Dog waliitengeneza kwa muchezo wa 1996, lakini waliona ni nguvu kupita kiasi, wakaiondoa. Haikupotea: ilibaki imelala mulemule mu diski. Miaka 21 kisha, wale wa toleo jipya wakaitengeneza tena, wakaitoa bure kwa muda mufupi, nyuma yake ikawa ya kulipa.

Kijana akasema: "Papa, hii ni bonus, walitupa zawadi." Siye tukaangaliana. Hilo neno tunalijua.

Kuna mwaka, ku kazi yetu, tulidai saa za ziada kwa miezi mingi. Sheria ya kazi ya Kongo inasema saa 45 kwa juma. Siye tulikuwa tunazipita, na ku fishi ya mushahara hakuna kitu. Mwezi wa kumi na mbili wakubwa wakatangaza "bonus ya sikukuu". Watu walipiga makofi, wengine walicheza. Delege wetu hakucheza. Alichukua fishi, kalamu na daftari, akahesabu saa moja moja. Ile bonus haikufikia hata nusu ya deni. Tena tulikuwa tumetia sinyatiri kwamba hatudai tena kitu.

Hatulaumu watu wa muchezo. Mwenye alinunua 1996 alipata kile alilipia, na mu 2017 kazi ya kweli iliongezwa. Lakini siye, kile kililala mu diski ilikuwa jasho letu. Jasho lenye halijalipwa halifanyike zawadi, hata ukilifunga mu karatasi ya rangi.

Njo maana tunawaomba, ndugu. Wakileta kontra mupya yenye "bonus" ndani, musikimbilie kalamu. Wekeni kontra ya zamani pembeni, musome mustari kwa mustari: nini imeongezwa, nini imetoka, nini ilikuwa yenu tangu mwanzo. Mwenye hajui Kifaransa muzuri asisikie haya, aite delege, ao mutoto wake wa sekondari. Bamama, na nyinyi muangalie ile fishi: mara mingi munahesabu kuliko siye.

Na batoto waacheni wacheze, masomo yakiisha. Batri nyingi kama ile ya maneti yao zinahitaji kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka hapa kwetu. Kaeni nao hata nusu saa. Siye tutarudia siku ya Mungu ijayo. Ile Stormy Ascent bado hatujaipanda.