Wakala Asifungue Bahasha

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini mwaka wa 2007, imekuwapo ada moja ambayo wateja na mawakala wameizoea. Wakala hupokea fedha, hutazama kitambulisho, huandika kiasi na nambari ya simu. Namba ya siri haimhusu. Mteja huibonyeza mwenyewe, na wakala mwaminifu hugeuza uso. Hatujasikia mtu akidai kwamba kazi ya wakala hudhoofika kwa sababu hiyo.

Yuko wakala mwingine ambaye shule zetu zaanza kumwajiri bila ya kumfahamu vyema. Huyu ni seva ya wakala, ambayo mafundi huiita proksi. Tuchukue mfano wa shule iliyoko Bute, kule Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mkondo wa intaneti ni mmoja, na wanaouhitaji ni wengi: mwalimu anayetuma alama kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, mwenzake anayetafuta hati ya mshahara katika tovuti ya Tume ya Huduma za Walimu, na wanafunzi arobaini wenye somo moja. Seva hiyo huwekwa mlangoni, na kila kompyuta ikapitia kwayo.

Zamani faida yake kubwa ilikuwa kuhifadhi nakala. Mwanafunzi wa kwanza akiufungua ukurasa, wa arobaini aliupata kutoka ghala la papo hapo, pasipo kulipiwa upya. Lakini leo tovuti nyingi mno husimba mawasiliano yake, yaani huyafumba kwa hesabu ambazo ufunguo wake wanao wawili tu, kompyuta ya msomaji na seva ya mwenye tovuti. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo hili hata mwerevu aliyesimama katikati haliganguwi, na kwa hivyo hawezi kuhifadhi nakala wala kukagua yaliyomo.

Hapo ndipo linapozuka shauri ambalo twaliona kuwa la hatari: kwamba wakala apewe uwezo wa kulifumbua fumbo. Namna yake ni hii. Kompyuta zote za shule hutiwa cheti cha kuziamuru zimwamini wakala huyo. Mwalimu akiiomba tovuti ya benki, wakala hujifanya ndiye benki, hupokea kila kitu kikiwa wazi, hukisoma, kisha hukisimba upya na kukipeleka mbele. Mwalimu haoni tofauti yoyote. Neno lake la siri, pamoja na ya wenzake wote, limepita mikononi mwa mashine moja. Siku mwizi akiiingia mashine hiyo, ameiingia shule nzima.

Njia ya pili ipo, na ni nyepesi zaidi. Kivinjari humpa wakala amri iitwayo CONNECT, pamoja na jina la seva inayotafutwa na nambari ya mlango, ambayo aghalabu huwa 443. Wakala hutazama jina hilo. Akiridhika, huifungua njia, hujibu kwamba iko tayari, kisha hupitisha data huku na huku kama ilivyo. Funguo hukubaliwa na wale wawili wa mwisho, juu ya kichwa chake. Huibeba bahasha, na gundi yake haiguswi.

Msomaji atauliza: je, watoto wetu tuwaachie kila uchafu? La hasha. Wakala aliyeliona jina la tovuti aweza kukataa kufungua njia. Je, gharama? Maktaba ya Wikipedia yaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila ya intaneti kwa programu ya Kiwix, na masasisho makubwa yakangoja usiku. Kwa mahitaji kama haya hapana haja ya kusoma barua za mtu.

Mfano wa nje upo. Mnamo Julai 2019 wananchi wa Kazakhstan walitakiwa kutia cheti cha serikali katika vifaa vyao, na mawasiliano yao yakawa wazi kusomwa njiani. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple zilikizuia cheti hicho katika vivinjari vyao.

Nasi tuna sababu zetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda usiri wa mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata habari za mtoto. Isitoshe, Kaskazini Mashariki iliishi chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi Novemba 1991. Mwaka wa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kusajiliwa upya na kubeba kadi ya ziada ili kuuthibitisha uraia wao. Watu waliokaguliwa kiasi hicho wasianze kukaguliwa tena na kompyuta ya shule, hata kama anayekagua ana nia njema.

Tusidanganyane, hata hivyo. Bahasha iliyofungwa bado ina anwani. Wakala asiyefumbua ajua ni tovuti ipi iliyotembelewa, saa ngapi, na kwa kiasi gani cha data. Daftari hilo nalo ni amana. Lihifadhiwe kwa muda mfupi unaojulikana, na walimu na wanafunzi waambiwe kwamba lipo.

Neno wakala tulilipata kwa Waarabu, na Wasomali nao husema wakiil. Mzizi ni mmoja, na maana yake ni kukabidhiwa jambo la mwenzako. Twawasihi walimu wakuu na bodi za shule wamuulize fundi swali moja kabla ya kutia sahihi: je, chombo hiki kitafungua bahasha? Akijibu ndiyo, na arudi nacho alikotoka.