Kiboko wa Bamburi na Thamani ya Mgeni

Kiswahili kimekwisha kumhukumu mnyama huyu kabla hajaonekana. Kiboko ni mnyama wa mtoni, lakini pia ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake na kucharaza migongo ya watu kwa miaka mingi. Mitaani nako, mtu asiyewezekana husemwa kuwa "ni kiboko". Jina lenyewe ni onyo.

Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ndama wa kiboko alionekana amekwama mwambani karibu na Malindi, peke yake. Wavuvi na wenyeji walihangaika kwa kamba na nyavu hadi akakamatwa, naye akapewa jina la mmoja wa waokoaji, Owen. Umri wake ulikuwa takriban mwaka mmoja, uzito wake karibu kilo 300. Kumrudisha mtoni kusingefaa, kwani viboko wasiomjua wasingempokea. Huenda dume angemuua. Ndipo akasafirishwa hadi Haller Park, Bamburi.

Huko alimkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajibanza nyuma yake. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kana kwamba mapenzi yalizuka papo hapo. Sivyo. Mzee alimfokea, akajikokota kwenda zake; Owen akamfuata. Lililotokea baadaye ni dogo kuliko linavyotiwa chumvi, na yamkini ndilo lenye maana zaidi: kobe aliacha kuondoka. Siku chache hazikupita, ndama aliyekuwa hataki chakula akawa anakula majani ubavuni mwa kobe, wanalala pamoja, wanaingia majini pamoja. Aliyefungwa kwa nyavu kama hatari sasa alikuwa na mahali pa kuegemeza kichwa.

Wahakiki watadai kwamba kusema "mapenzi" hapa ni tashihisi tupu. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna ajuaye yaliyomo moyoni mwa kobe. Hata hivyo, sarufi imewatangulia wahakiki: kiboko ana umbo la ngeli ya KI-VI, lakini hupatanishwa kama A-WA. Hakisemwi "kimekuja", husemwa "amekuja", kama mtu.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mpokeaji naye hakuwa mwenyeji. Asili ya kobe wa Aldabra ni visiwa vya Ushelisheli. Hata ardhi waliyoikanyaga ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, matumbawe yaliyochimbwa hadi yakabaki uchi, ambayo Mswisi René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Mgeni alipokewa na mgeni, katika kivuli kilichooteshwa na mgeni.

Haya yanaihusu Mombasa kuliko watalii wanavyodhani. Waswahili hujisifu kwa kumkirimu mgeni, na sifa hiyo si ya uongo. Lakini kusini mwa kisiwa, Likoni, mnamo Agosti 1997, watu walioitwa "wabara" waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao. Wengi wao walikuwa majirani wa miaka mingi. Neno lilikuwa limewatangulia, kama jina la kiboko linavyomtangulia mwenyewe, na hakuna aliyengoja kuona nani amesimama nyuma yake. (Kwamba wanadamu wanafunzwa jambo hili na kobe ni aibu, wala si pambo la hadithi.)

Wengine huhofu kwamba anayependwa na wasio wa jinsi yake hupoteza asili yake. Owen alipozidi kukua, mwili wake ukawa hatari kwa Mzee, na mwaka 2007 wakatenganishwa. Aliwekwa pamoja na Cleo, kiboko jike aliyekuwa mpweke hifadhini humo. Wasiwasi ulikuwa kama mlelewa wa kobe angejua kuishi na kiboko mwenziwe. Walipatana.