Tovuti za Kusaidia Mabinti Zimekatwa kwa Vipimo vya Nani?



Mliozoea kutusoma hapa kwa habari za shela na mishono ya baibui mtusamehe, leo hatuna mshono. Sisi ni mafundi wanawake wanne, tuna chumba chetu cha cherehani Mbagala, wilaya ya Temeke, na tunao mabinti wanaojifunza kazi kwetu. Walikuwa sita. Sasa ni watano, na huyo wa sita ndiye aliyetufanya tukae chini kuandika.

Alikuwa na miaka 16. Nyumbani kwao kulikuwa na mtu mzima anayemsumbua usiku. Uhusiano wao hatuutaji. Kwetu hakusema, na hilo tunalibeba wenyewe. Alikwenda kuuliza kwenye tovuti moja ya kusaidia vijana, anuani yake aliiona kwenye bango. Simu hana, alitumia ya mama yake. Ile tovuti haikumruhusu kuuliza mpaka ajaze jina, umri, mtaa na namba ya simu. Akaandika namba ya mama, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Akauliza, akafuta alichoweza kufuta, akairudisha simu mahali pake. Siku ya tatu, baada ya Magharibi, simu ikiwa mkononi mwa mama, jibu likaingia. Juu jina la mradi, na mstari wa kwanza ukimpa pole kwa ukatili wa kingono aliofanyiwa.

Mama alichagua kuamini kwamba mtoto anamzulia mtu. Haikupita wiki binti akapandishwa basi kwenda kwa bibi yake kusini. Tuliyajua yote haya kwa rafiki yake, siku mama alipokuja kuchukua mkasi wa mwanawe. Tulikwenda kwa mjumbe, tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukaandikisha maelezo. Yule mtu mpaka leo anapita barabarani na tunamwona.

Basi mtu asije kutuambia kwamba muundo wa tovuti ni mambo ya rangi na picha.

Tuliifungua wenyewe jioni moja baada ya kufunga kazi. Tulikaa wanne tukizunguka simu moja ya kioo kilichopasuka, kama walivyo wateja wengi wa tovuti ile. Kwanza ikaja video ya kiongozi wa mradi anatoa salamu. Ilianza kucheza yenyewe ikala bando letu la shilingi mia tano. Chini ya video kukawa na mstari wa nembo za wafadhili, tulihesabu kumi na moja. Chini ya nembo, menyu ya Kiingereza. Kiswahili kipo, lakini ni lazima ukitafute juu kabisa pembeni, kimeandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Mahali pa kuuliza swali tulipapata baada ya kushuka sana, na tulipopapata tukakutana na ile fomu.

Tuizungumze fomu, maana hapo ndipo mtoto wetu alipoumia. Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho tumezoea kukipata tukishatimiza miaka 18. Kwa hiyo binti wa miaka 15 anayetumia simu anatumia laini yenye jina la baba, la mama au la kaka. Ukimwomba namba ya simu umemwomba namba ya mzazi. Kama anayemkimbia yuko ndani ya nyumba ile ile, umemwambia akabishe hodi kwa huyo huyo. Hili halihitaji shahada ya kompyuta kulijua. Anatosha mtu yeyote aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga huku kwetu, Mbagala, Tandika, Chamazi, au kule Kinondoni upande wa Bunju na Mabwepande, ambako simu moja ya familia inalala chini ya mto wa mama na kila anayeishika anasoma kilichomo.

Dawa ya jambo hili ipo na wengine wameshaitumia. Childline ya Uingereza ilianza mwaka 1986 kwa simu tu. Leo mtoto anaweza kuandika kwa jina la kubuni, akajiwekea neno la siri, na jibu akalikuta ndani ya kisanduku chake mwenyewe siku atakayopata nafasi ya kurudi. Jibu halimfuati nyumbani. Linamngoja. Tovuti za huko za kusaidia wanawake wanaopigwa na waume zao zina kitufe kikubwa cha kutoka haraka: mtu akiingia chumbani ghafla unakibonyeza, ukurasa unageuka unakuwa wa hali ya hewa. Vitu hivi si anasa za Ulaya. Sisi tunavihitaji kuliko wao, kwa sababu watoto wao wengi wana simu zao na milango inayofungwa.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Wenye miradi wanaijua, maana maneno yake tumeyaona chini ya ukurasa, aya ndefu za Kiingereza ambazo mtoto anatakiwa kuweka alama kwamba amezisoma na kuzikubali. Alama inawekwa, mradi unajikinga, mtoto anabaki wazi.

Mtatuuliza kwa nini hawakuliona. Miaka michache iliyopita ulikuja mradi mwingine wa namna hii mtaani kwetu. Walikaa ukumbini siku nzima na mabinti thelathini, wakaonesha tovuti yao mpya ukutani kwa projekta, wakauliza, "Mmeipenda?" Mabinti wakapiga makofi. Kulikuwa na soda, chipsi kuku na nauli, nani asingepiga makofi? Hakuna aliyempa binti hata mmoja simu ya mama yake akamwambia, haya, tafuta msaada sasa hivi huku wadogo zako wanne wanakuchungulia. Na sisi tusijitoe: mikoba ya semina ile, ile yenye nembo, tulishona sisi. Mia na hamsini. Pesa tuliipokea tukashukuru, na hatukuuliza lolote.

Fundi akishona gauni la bibi harusi kwa kumpima mama mkwe anayelipa, siku ya harusi zipu haifungi. Ndivyo tulivyoziona tovuti hizi. Wanaopimwa ni wanaolipa.

Lugha nayo. Sisi tunaishi na mabinti, tunasikia wanavyosema. Wanasema "nimepitisha siku zangu", "chango linaniua", "kuna mtu ananitaka kwa nguvu", "mama anataka kuniozesha". Ukiyaandika maneno haya kwenye kisanduku cha kutafutia, hakuna kinachotokea. Mpaka uandike "afya ya uzazi" au "ukatili wa kijinsia", maneno ya semina, ambayo anayeyajua pengine haihitaji tovuti. Tulijaribu neno "naozwa". Halimo. Nchi hii sheria ya ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019 ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo ni vya ubaguzi na virekebishwe, mjadala umepigwa miaka na miaka, lakini mtoto mwenyewe akiandika kwamba anaozwa, tovuti iliyotengenezwa kwa ajili yake haimwelewi.

Inawezekana kuandika kwa lugha yao. Tulipokuwa sekondari jarida la Fema lilipita mkono hadi mkono mpaka majani yakachanika. Femina Hip walianza kulitoa mwaka 1999, na baadaye wakaja na Si Mchezo! kwa vijana wa vijijini. Tulilisoma kwa kujificha na kwa kicheko, si kila kitu tulikikubali, lakini lilizungumza kama sisi tulivyozungumza na barua za wenzetu zilikuwamo. Kumbe kazi hiyo ilifanyika kwa karatasi na wino, simu janja zikiwa hazijafika.

Sasa tugeuke upande wa dini, kwa sababu tunajua baadhi yenu mmeshaanza kusema, "Afadhali zifungwe zote, zinafundisha uchafu."

Dada zetu, wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ummu Sulaym alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza juu ya jambo la ndotoni la mwanamke, na akajibiwa. Hakufukuzwa wala hakuambiwa azungumze taratibu. Na pwani yetu, bara na visiwani, binti akivunja ungo alikuwa na somo wake. Somo ni mtu mmoja unayemjua, anakaa nawe faraghani, anakufundisha kwa lugha yako, haandiki jina lako popote. Kwa mambo ya kutunza siri, masomo wetu waliwapita hawa wenye kompyuta. Walipokosea tuseme pia: wengi walifundisha jinsi ya kumpendeza mume na hawakufundisha la kufanya ukishikwa na mtu asiyekuhusu. Leo hata huyo somo mabinti wengi wa mtaani kwetu hawana, wazazi wamehama mikoani, shangazi yuko mbali, na nafasi yake imechukuliwa na video za mitandaoni za watu wasio na haya wala elimu.

Matokeo yake tunayaona sisi kwenye kujaribisha gauni. Bibi harusi wa miaka 22, mwenye diploma, anasimama mbele ya kioo na pini zetu mabegani, anatuuliza kwa sauti ya chini kama damu ya siku kumi na mbili bado ni hedhi au ni istihadha, na kama swala alizoacha azilipe. Swali la miaka 14 hilo. Amekaa nalo miaka minane! Tovuti za vijana zikifika hapo zinaandika "muulize kiongozi wako wa dini", wakati kiongozi anayemjua ni ustadhi wa kiume aliyemfundisha juzuu amma. Je, ni vigumu kiasi gani kumweka ustadhati mmoja pamoja na muuguzi, wajibu kwa pamoja? Temeke, Kinondoni, na Unguja ndio kabisa, watumiaji wao wengi ni watoto wa madrasa. Wanachorwa kwenye picha wamevaa hijabu, wakija na maswali ya mwenye hijabu hakuna wa kuwajibu.

Tukifunga milango yote haya hayatoweki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto, uliotangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kwa upande wa bara karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mkiwa na mabinti kumi kwenye darasa la madrasa, hesabuni.

Kwa haki ya Mungu, si kila kitu ni kibovu. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na C-Sema, ni ya bure, ni tarakimu tatu tu, inapigika hata kwa kitochi, na haihitaji bando. Inafanya kazi bara na Zanzibar. Huo ndio muundo mzuri, na haukuhitaji nembo kumi na moja. Kasoro ya simu ni sauti. Chumba kimoja wanalala watu sita, utamnong'oneza nani? Ndiyo maana sehemu ya kuandika inahitajika, na ndiyo maana inatuuma kuiona imetengenezwa vibaya.

Nyinyi wa Unguja mna vituo vya Mkono kwa Mkono tangu mwaka 2011, daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja pale Mnazi Mmoja. Huku kwetu kuna madawati ya jinsia na watoto vituoni. Tovuti tuliyoifungua haikutaja dawati la Mbagala wala la popote Temeke. Ilitoa anuani ya ofisi yao mjini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Binti wetu alikuwa akisumbuliwa usiku.

Tumewaandikia wenye mradi ule. Tumewaambia waiondoe fomu kwanza, leo, kabla ya kufikiri rangi wala video mpya, halafu waje wakae nasi siku moja bila projekta na bila posho, wawape mabinti simu zilizopasuka vioo, waangalie vidole vyao vinakwama wapi. Wamejibu kwa barua pepe kwamba maoni yetu yamepokelewa na yatazingatiwa katika awamu ijayo. Tumeuliza awamu ijayo ni lini. Hilo hawajajibu.

Kwa sasa tumenunua kitochi, kipo juu ya meza ya kukatia vitambaa, laini yake ina jina la mmoja wetu. Mabinti watano wanaijua 116, na mmoja wetu hutoka nje kwenda kununua uzi kila binti anapokiomba.