Wanafunzi wafunzwe kuchora chao, si kunakili cha wenzao

Mwalimu anapomkuta mwanafunzi ameinamia tarakilishi akipaka rangi ngao au upanga wa mchezo wa video, aghalabu huwa na neno moja tu la kumwambia: azime mtambo, arudi vitabuni. Hatumlaumu. Michezo hiyo imewapotezea vijana wengi saa nyingi. Hata hivyo, baina ya anayecheza na anayevichora vitu vya kuchezewa pana tofauti kubwa. Shule isiyoiona tofauti hiyo inapoteza nafasi ya kufundisha jambo ambalo kijana atalihitaji maisha yake yote, nalo ni kuheshimu jasho la mwenziwe na kulilinda lake.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Kila kitu kionekanacho katika michezo hii, kiwe gari, kofia au silaha, ni umbo tupu. Juu yake huvikwa picha bapa ambayo mafundi huiita teksicha. Ili picha hiyo ikae sawasawa, umbo hukunjuliwa vipande vipande, mfano wa fundi cherehani anavyolifumua koti kuukuu apate kipimo cha kukatia jipya. Mchoraji huvipaka rangi vipande hivyo, akavirudisha kwenye umbo, kisha akatazama kama mistari inakutana penye mishono. Aijuaye kanga hatakuwa mgeni wa fikra hii, kwani pindo likipishana na mji, kasoro huonekana kutoka mbali.

Wala vifaa vya kazi hii si vya matajiri pekee. Katika mchezo wa Minecraft, uso mmoja wa tofali la kawaida una pikseli 16 kwa 16, yaani miraba 256 ya rangi. Mwanafunzi anaweza kuipanga kwanza kwa penseli katika daftari lake la hesabu. Programu za kuchorea kama GIMP na Krita hupatikana bila malipo. Kinachohitajika zaidi ni jicho, subira na mkono uliozoea.

Yako pia mapato, ingawa si ya kila mtu. Mnamo Januari 2015, kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza kwamba tangu mwaka 2011 ilikuwa imewalipa wabunifu zaidi ya 1,500 kutoka nchi 75 jumla ya dola milioni 57 na ushei, kwa vitu walivyovibuni vikauzwa ndani ya michezo yake. Wabunifu hao hawakuwa waajiriwa wake, bali walichora kwao na kuituma kazi kwa mtandao. Kazi nyingi zinazotumwa hivyo hazichaguliwi, na kijana asidanganywe kuwa hapa pana njia ya mkato ya utajiri.

Kisa tunachotaka walimu wakisimulie darasani kilitokea mwaka 2014 katika mchezo wa kampuni hiyo uitwao Counter-Strike: Global Offensive. Mchezo huo ni wa bunduki na haufai watoto wadogo. Tunautaja kwa ajili ya funzo lake tu. Tangu Agosti 2013 wachezaji walikuwa wameruhusiwa kuchora mapambo ya silaha zake na kuyapeleka yakaguliwe. Pambo moja lililopewa jina la Howl, lenye sura ya mnyama anayenguruma, lilikubaliwa na kupendwa mno. Haukupita muda mrefu kabla ya mchoraji mwingine kujitokeza na kulalamika kwamba sura ile aliichora yeye, na kwamba waliolileta pambo hilo hawakumwomba ruhusa. Kampuni iliwapiga marufuku waliolileta, ikabadilisha mchoro na kuacha kutoa nakala mpya. Nakala zilizokwisha kutoka zikapewa daraja la peke yake, daraja la bidhaa za magendo.

Ajabu ni kwamba nakala hizo zikawa adimu, na bei zake zikapanda hadi maelfu ya dola. Yamkini mwanafunzi mjanja atasema kuwa basi wizi ulilipa. La hasha! Waliofaidika na bei hizo ni wachuuzi na wakusanyaji. Wale waliouleta mchoro walikuwa wamekwisha kutimuliwa katika uwanja ambao ungewalisha kwa miaka mingi.

Yuko atakayetujibu kwamba kuiga ndiyo njia ya kujifunza. Ni kweli. Mwanagenzi wa nakshi za milango kule Lamu huanza kwa kufuatisha mchoro wa bwana wake, wala hakuna amwitaye mwizi. Lakini kufuatisha ili mkono uzoee ni jambo moja, na kutia jina lako kwenye kazi ya mwingine ukaipeleka sokoni ni jambo jingine kabisa. Mpaka huu ndio unaofutika haraka shuleni. Anayenakili insha ya jirani yake, anayebandika picha ya mtandaoni katika kazi ya sanaa na anayeiagiza akili unde imchoree kisha akasema amechora mwenyewe, wote wamo katika njia moja.

Fauka ya hayo, anayefunzwa kutoiba hana budi kufunzwa pia asiibiwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya sanaa katika uhai wa mwenyewe na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi za wabunifu. Je, ni wanafunzi wangapi wanaolijua hilo? Kijana hubonyeza neno la kukubali masharti bila kusoma hata mstari mmoja, kumbe ndani yake mna maelezo ya nani ataitumia kazi yake na kwa malipo gani. Masharti hayo ni ufahamu mzuri kuliko vifungu vingi tunavyowapa katika mitihani.

Mtaala wa Umilisi umeipa Sanaa na Sayansi ya Michezo nafasi miongoni mwa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu. Ni rai yetu kwamba kazi ya teksicha ipokewe humo kama sanaa nyingine yoyote, na ipimwe kwa ukali ule ule. Mwalimu adai kuziona rasimu tangu ya kwanza ya penseli. Mwanafunzi aandike kando ya kila mchoro alikotoa wazo na picha alizozitazama. Aliye chini ya miaka 18 asiingie mkataba wowote wa kuuza kazi yake bila mzazi kuusoma.

Nanyi wanafunzi, msikate tamaa iwapo kazi zenu za kwanza zitakuwa duni kuliko mnazoziona mtandaoni. Chako kibovu unaweza kukirekebisha leo, kesho na mtondo, maana unajua ulivyokitengeneza. Cha mwenzako huwezi hata kukieleza ukiulizwa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.